Mtoto Mdogo na Raga: Kuangushana Kungoje

  Kama uko jikoni punguza moto kidogo usogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yanahusu kichwa cha mtoto wako.

Majuzi nilikuwa Kibokoni, nimemaliza kuwazungukia akina mama waliojifungua, nikaitwa na bibi mmoja aliyekuwa ameketi barazani kwake. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni nasi, hebu keti nikuulize." Bibi huyu ana wajukuu wawili wa kiume. Mmoja ana miaka saba, yuko Marekani na mamake, na huko wanataka kumwandikisha katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kuvamiana. Mwenzake ana miaka tisa, yuko hapa hapa Mji wa Kale, na kila Jumamosi asubuhi hutoroka kwenda kucheza raga. "Yule wa Marekani avaa kofia na ngao za mabega," bibi akasema. "Huyu wangu avaa fulana tu. Sasa nimhofie yupi?"

Nilimjibu awahofie wote wawili, na kwa sababu moja. Akacheka, lakini niliona hakuridhika. Nikamwahidi kwamba nitalieleza jambo hili redioni, ili mamake yule mtoto wa Marekani naye apigiwe simu asikilizishwe. Bibi, ahadi ni deni, leo nalipa.

Kwanza tuelewane. Mimi siwakatazi watoto kucheza. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na sisi tunaoishi kisiwani twajua nafasi ilivyo finyu. Vichochoro ni vyembamba, pikipiki na tuktuk zapita humo humo, na mtoto akifungiwa ndani atakaa na simu na sahani ya viazi karai. Mtoto aliyekimbia tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi hulala vizuri, na mwili wake hujengeka. Ninalolizungumzia ni jambo moja tu, kuangushana. Yaani mchezo ambao sheria zake zamruhusu mtoto kumvamia mwenzake kwa bega, kumkamata kiuno au miguu, na kumbwaga chini.

Hapa kwetu mchezo huo ni raga, na si mgeni Mombasa. Uwanja wa Mombasa Sports Club, pale barabara ya Mnazi Mmoja, umechezewa raga miaka mingi, na mashindano ya Driftwood Sevens yameleta pale timu za sehemu mbalimbali za nchi. Kisha mwezi wa Aprili 2016 timu yetu ya taifa ya wachezaji saba ikaifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe la Singapore. Watoto waliona, wakapenda, wakaanza kubwagana wao kwa wao huku mpira wao ni chupa ya plastiki iliyokunjwa. Kupenda si kosa. Lakini wale waliotwaa kombe ni watu wazima, wana shingo nene, wana mwalimu na daktari kando ya uwanja. Mwanao wa miaka minane ana nini?

Nataka uende jikoni, au kumbuka tu, uchukue nazi kavu uitikise karibu na sikio. Utayasikia maji yakigonga ndani, na kifuu hakina hata ufa. Ubongo nao umo ndani ya fuvu, umezungukwa na maji kidogo. Kichwa kikigongwa, au hata mwili ukigongwa kwa nguvu hadi kichwa kikarushwa mbele na nyuma, ubongo hutikisika humo ndani na nyuzi zake nyembamba huvutwa na kupindwa. Hilo ndilo tunaloliita mtikisiko wa ubongo. Huenda kusiwe na damu wala nundu. Na usingoje mtoto azirai ndipo uamini, kwa sababu wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa.

Sasa ifunge nazi ile kwa kitambaa kizito uitikise tena. Maji bado yagonga. Ndiyo sababu yule mjukuu wa Marekani hajasalimika kwa kuvaa kofia. Kofia ngumu huzuia fuvu lisipasuke na ngozi isichanike, na hiyo ni faida kubwa, lakini haiwezi kuushika ubongo usitikisike. Hata zile kofia laini wanazovaa baadhi ya wachezaji wa raga ni hivyo hivyo. Mtoto mdogo ana udhaifu wa ziada. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na shingo inayokibeba bado ni nyembamba. Ubongo wenyewe ungali unakua. Tena hana maneno ya kueleza anachohisi. Atakwambia "sijisikii" halafu anyamaze.

Kuna daktari Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu wa Nigeria, aliyekuwa akichunguza maiti huko Pittsburgh, Marekani. Mwaka 2002 aliletewa maiti ya Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, aliyefariki akiwa na miaka 50 tu baada ya miaka ya kusahau, kuchanganyikiwa na kuishi kwa taabu. Ukiutazama kwa macho, ubongo ule ulionekana mzima. Daktari Omalu akaukata vipande vyembamba, akavitazama kwa hadubini, akakuta uchafu wa protini umejikusanya mahali usipotakiwa. Maradhi hayo ya ubongo uliogongwa mara nyingi wataalamu huyaita kwa herufi tatu, CTE.

Baada yake wengine waliendelea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza kwamba walichunguza bongo za watu 152 waliocheza michezo ya kugongana na kufariki kabla ya kufika miaka 30. Katika hao, 63 walikuwa na CTE. Hapa naomba tusipande hofu kupita kiasi. Bongo zile zilitolewa na familia, na nyingi zilikuwa zimekwisha kuona jamaa yao ana shida, kwa hiyo usiseme kila anayecheza ataugua. Jambo ninalotaka ulishike ni utafiti mwingine wa hao hao wa Boston, wa mwaka 2019. Waliona kwamba kila mwaka mmoja zaidi wa kucheza mpira ule wa kuvamiana uliongeza uwezekano wa kupata CTE kwa asilimia 30. Wala si pigo moja kubwa tu lenye madhara. Mapigo madogo madogo ya kila juma, yale ambayo mtoto huinuka na kucheka, nayo huhesabika.

Basi piga hesabu kama unavyopiga ya duka. Mtoto aliyeanza kuangushana akiwa na miaka 7, na mwenzake aliyeanza akiwa na miaka 14, wote wakicheza hadi miaka 20, mmoja amegongwa miaka 13 na mwingine 6. Miaka ile saba ya kwanza, ambayo shingo ilikuwa nyembamba kuliko wakati wowote, haikumletea kombe lolote.

Wataalamu wenyewe hawakubaliani wote, na sitaki nikufiche. Mwaka 2016 madaktari na wasomi zaidi ya 70 waliiandikia serikali ya Uingereza wakitaka kuangushana kuondolewe katika raga ya shule, na waganga wakuu wa serikali wakalikataa ombi hilo. Lakini hata huko Uingereza, watoto wadogo wa miaka sita na saba hawaangushani. Huanzia raga ya mikanda, nitakayoieleza baadaye. Kwa maoni yangu mimi, ambaye huwaona watoto hawa wakiletwa kliniki na mama zao, mtoto asianze kuangushana kabla ya kutimiza miaka 12, na akianza awe chini ya mwalimu aliyefunzwa, si mjomba mwenye filimbi.

Niwape kisa, bila jina. Siku moja Jumatatu aliletwa mvulana wa miaka tisa, anaumwa kichwa na ametapika mara mbili akiwa madrasa. Mamake alikuwa amekwisha kumnunulia dawa ya malaria. Nani atamlaumu? Hapa Pwani mtoto akiumwa kichwa na kutapika, kila mtu husema malaria. Hata mimi nilidhani hivyo, nikamtoboa kidole. Kipimo kikaonyesha hana. Nikamwuliza, "Kuna kitu kilikugonga?" Akamtazama mamake, akasema hapana. Nikamwomba mama akatuletee maji. Alipotoka tu, mtoto akaninong'oneza kwamba Jumamosi aliangushwa uwanjani, kisogo kikapiga chini, akaona nyota. Mwalimu wake akamwambia wanaume hawalii, akamrudisha mchezoni. Nyumbani hakusema, kwa kuogopa kukatazwa raga.

Tulimpeleka hospitali kuu siku ile ile. Alipigwa picha ya kichwa, hakukuwa na damu, alhamdulillahi, akalazwa usiku mmoja kuangaliwa. Lakini zilipita wiki tano kabla hajaweza kukaa na kitabu bila kichwa kumuuma. Shuleni walisema amekuwa mvivu. Mtoto aliyekuwa akihifadhi sura upesi alikuwa akirudia aya moja asubuhi nzima na haimkai. Mama yule alilia mbele yangu, si kwa sababu mtoto aliumia, bali kwa sababu mtoto alimficha.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia lolote juu ya raga, mwambie mwanao kwamba akigongwa kichwa na kukueleza, hutamgombeza. Na umaanishe. Ukimchapa mara moja kwa kusema kweli, mara ya pili atakaa kimya.

Sasa, mtoto akigongwa kichwa ufanye nini? Atoke mchezoni saa ile ile, na asirudi siku hiyo hata akisema yu mzima. Hilo halina mjadala. Huko Ireland ya Kaskazini, mwezi wa Januari 2011, kijana wa miaka 14 aitwaye Ben Robinson aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya raga ya shule, akaendelea kucheza, kisha akaanguka. Alifariki siku mbili baadaye. Ubongo uliokwisha kutikisika ukipigwa tena kabla haujatulia, unaweza kuvimba ghafla. Hutokea kwa nadra, na ikitokea huwa kwa watoto na vijana zaidi.

Mpeleke hospitali mara moja, usingoje asubuhi, ukiona anatapika tena na tena, au maumivu ya kichwa yazidi badala ya kupungua, au ana usingizi mzito na kumwamsha ni kazi. Vivyo hivyo akiwa amezirai hata kwa muda mfupi, amepata degedege, anazungumza ovyo, hakutambui, mkono au mguu mmoja umelegea, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, au damu au maji meupe yatoka puani au sikioni. Kama analalamika shingo yauma, asisimamishwe wala kunyanyuliwa juu juu. Mwacheni alivyolala, kichwa kishikwe kisicheze, mpaka waje wenye kujua kumbeba. Najua mtasema tuktuk iko hapo mlangoni. Lakini kumkunja mtoto mwenye shingo iliyoumia ndani ya tuktuk kwaweza kumlemaza.

Kama hana dalili hizo, mpumzishe nyumbani na umwangalie. Nundu iwekewe kitambaa kilichoviringiwa barafu, dakika kumi hivi. Usiikande kwa maji moto wala kuisugua kwa mafuta kwa nguvu, ingawa bibi zetu walitufanyia hivyo kwa mapenzi. Kwa maumivu, panadol ya kipimo cha umri wake yatosha. Aspirini mtoto asipewe. Na lile la kumzuia asilale usiku kucha, mkimpiga piga mashavu, liacheni. Usingizi wenyewe haumdhuru. Mlaze karibu nawe, na katika zile saa za kwanza za usiku mwamshe mara moja mbili, mradi akujue na kukujibu. Asipoamka vizuri, hapo ndipo pa kukimbia.

Siku moja au mbili za mwanzo atulie, simu na televisheni zipunguzwe. Kisha aanze kutembea, arudi masomoni kidogo kidogo, na masomo yatangulie mpira. Mtoto asiyeweza kukaa darasani bila kuumwa kichwa hana ruhusa ya kugusa mpira. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa wachezaji wa kawaida, wasio wa kulipwa, wasema mtu asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na hata zikitimia, awe hana dalili. Siku 21 kwa mtoto ni kama mwaka, najua. Atakusumbua. Msumbuane.

Huenda huyu wako hachezi raga, anacheza kandanda tu pale Makadara au Tononoka, au zile mechi za usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Kandanda ni salama zaidi kuliko raga, lakini kuna jambo la kupiga mpira kwa kichwa. Marekani mwaka 2015 chama chao cha soka kiliwakataza watoto wa miaka 10 na chini kupiga kichwa, na Uingereza mwaka 2020 ikaondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa shule za msingi. Wanao wadogo wacheze mpira chini, na mpira uwe wa saizi yao, namba 3 au namba 4, usiwe ule mzito wa kaka zao ulionyonya maji ya mvua. Mwalimu anayewapanga watoto wa miaka minane mstari na kuwarushia mipira ya vichwa hamsini, mwambie aache.

Na mpenda raga asinyimwe raga. Ipo ile ya mikanda. Kila mtoto huchomeka vitambaa viwili kiunoni, kimoja kila upande, na badala ya kumbwaga mwenye mpira, unamchomoa kitambaa chake naye lazima autoe mpira. Mbio zipo, chenga zipo, kupasiana nyuma kupo, ujanja wote wa raga umo. Huhitaji kununua kitu. Leso kuukuu ukiichana vipande vya urefu wa mkono itavalisha timu mbili. Wasichana nao wacheze, na wao pia mkiwaona wamegongwa mpumziko ni ule ule, wala msiseme wanadeka.

Kabla ya Jumamosi, mama, nenda mwenyewe uwanjani, au mtume babake kama ndiye mwenye nafasi. Mwulize mwalimu watoto wa umri gani wanaangushana, na kama anawachanganya wa miaka minane na wa kumi na tatu kwa sababu wachezaji hawatoshi. Mwulize mtoto akigongwa kichwa ni nani anayeamua kumtoa, na kama mzazi hupigiwa simu siku hiyo hiyo. Sikiliza anavyojibu. Mwalimu mzuri hufurahi kuulizwa, na wapo wengi. Yule anayekwambia kwamba unamfanya mtoto wako kuwa laini, mchukue mwanao mkono mrudi nyumbani. Saa zile bado ni mapema, mnaweza kupitia kwa bibi kuomba leso.

Bibi wa Kibokoni, natumaini umenisikia, na simu ya Marekani imekwisha kupigwa. Wengine mwenye swali aje kliniki na mtoto mwenyewe, asimtume jirani. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya watoto wanaojirusha baharini kutoka juu ya mawe. Mpaka hapo, kwaherini.